Nchi Tatu kwa Siku Kumi? Mimi Nataka Bahari Tu

*Shangazi, shikamoo.*

*Mwakani mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi na tano ya ndoa. Tangu tuoane tumekuwa tukisema ipo siku tutasafiri mbali, wawili tu, bila watoto wala ndugu. Tumedunduliza, na sasa tumekubaliana kwenda Ureno. Niliichagua mimi baada ya kuona picha za Algarve, pwani ya kusini ya nchi hiyo, yale majabali ya rangi ya asali na maji ya samawati. Nataka kuogelea, kulala mchana na kula samaki. Basi.*

*Mwenzangu naye ana orodha yake. Lisbon siku mbili, Porto siku moja, Algarve siku mbili, kisha Seville, Barcelona, na kumalizia Roma. Yote hayo kwa siku kumi, mwezi wa Agosti. Nikimwambia hiyo si likizo bali ni mbio, anajibu kwamba viza ya Ulaya haipatikani kirahisi, tukiipata safari hii huenda tusiipate tena, kwa hiyo tuone vyote kwa mkupuo mmoja. Sikatai, ana hoja. Lakini goti lake linamsumbua tangu mwaka jana, na mimi nikichoka huwa mkali. Yeye mwenyewe anajua.*

*Kuna binamu yake anayejiita mtaalamu wa safari. Anasema tusiombe viza ya Ureno kwa sababu miadi imejaa. Tuombe ya nchi nyingine yenye nafasi, tukishaipata twende tunakotaka. Tena yuko tayari kutuazima pesa zikae kwenye akaunti yetu wiki chache, ubalozi uone tunajiweza, halafu tumrudishie. Wakala mmoja naye ametupatia tiketi za Agosti kwa bei nafuu, ila pesa hairudishwi, na anataka jibu kabla ya Ijumaa.*

*La mwisho, sisi ni Waislamu. Nasikia Wareno wanapenda nguruwe. Tutakula nini?*

*Mume wangu anasema nimejaa wasiwasi. Je, ni kweli?*

*Mpenda Bahari*

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa miaka hiyo. Unayo wasiwasi, ndiyo, lakini mingi ina msingi. Yenye msingi tutaishughulikia hapa. Ile ya nguruwe itakwisha siku ya kwanza mtakapokaa mezani.

Nianze na Ijumaa kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Msilipe. Maombi ya viza yanahitaji mwonyeshe mtakavyokwenda na mtakavyorudi, na kwa hilo nafasi iliyoshikiliwa inatosha. Tiketi iliyolipiwa haimfanyi ofisa akuonee huruma. Viza ikikataliwa, tiketi imepotea, na ada ya viza pia imepotea, maana hairudishwi. Tangu Juni 2024 ada hiyo ni euro 90 kwa mtu mzima, mbali na malipo ya huduma ya kituo kinachopokea fomu. Mwambie wakala kama anaweza kushikilia nafasi mpaka viza itoke, mnazungumza. Kama hawezi, awauzie wengine.

Sasa binamu. Watu wa namna hii siwachukii, kwa sababu aghalabu nia yao ni njema, lakini ushauri wake huu utawaumiza. Kanuni ya Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, iko wazi: unaomba viza kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwa ile utakayoingilia kwanza. Mkiomba kwa nchi nyingine mkiwa na hoteli za kubuni, halafu ndege yenu ikatua Lisbon, ofisa wa mpakani ana haki ya kuuliza mnalala wapi na kutaka karatasi. Viza iliyopatikana kwa maelezo ya uongo inaweza kufutwa papo hapo. Fikiria mmefika uwanja wa ndege wa Lisbon baada ya safari ya usiku kucha, halafu mnarudishwa.

Ila usichanganye hilo na jambo jingine lililo halali. Nchi za Schengen huwakilishana. Mahali ambapo moja haina ofisi ya kupokea maombi, nyingine inaweza kuyapokea kwa niaba yake. Kwa hiyo tazameni kwenye tovuti ya ubalozi wa Ureno ni nani anayepokea maombi ya watu wa mahali mnapoishi. Mkielekezwa kwa ubalozi wa nchi nyingine, nendeni bila hofu, na kwenye fomu bado mnaandika Ureno.

Pesa za kuazima ndizo zinazonikera zaidi. Ofisa hatazami salio la siku moja. Anatazama mwenendo wa miezi: mshahara unaingia lini, unatoka vipi, kinabaki nini. Mafungu makubwa yakitokea ghafla wiki chache kabla ya miadi, swali la kwanza ni yametoka wapi, na jibu lenu hamtaweza kuliandika. Akiba yenu ya kudunduliza, hata ikiwa ndogo, inajieleza yenyewe. Ambatanisheni barua ya mwajiri inayosema mmepewa likizo na mnatarajiwa kurudi kazini, cheti cha ndoa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto mnaowaacha nyumbani. Hao watoto ni ushahidi wenu mkubwa kwamba mtarudi. Halafu bima ya safari isiyopungua euro 30,000, inayotumika nchi zote za Schengen na kulipia hadi kurejeshwa nyumbani mgonjwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, ibakiwe na miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu.

Hapa ndipo nataka uende kwa mumeo ukiwa na hoja yake mkononi. Anaogopa kwamba viza hii ni ya kwanza na ya mwisho. Hofu hiyo naielewa, wala usiibeze. Lakini kanuni zenyewe zinampa jibu la kutuliza: aliyepata viza tatu na kuzitumia vizuri ndani ya miaka miwili anastahili kufikiriwa viza ya mwaka mzima, ya kuingia na kutoka mara nyingi. Miaka miwili ni mifupi kwa mfuko wa kudunduliza, najua. Hata hivyo, viza moja iliyotumika kama ilivyoombwa inasomeka vizuri kwenye ombi lolote linalofuata, na rekodi ya siku hizi haipotei. Alama zenu za vidole zinaweza kutumika tena kwa ombi jingine ndani ya miezi 59. Tena kuanzia Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuwaandika wageni kwenye kompyuta, kwa picha na vidole, badala ya kugonga mhuri. Atakayefungua ombi lenu la pili ataona kama mlifanya mlichosema. Kwa hiyo safari ndogo ya kweli ndiyo itakayomfikisha Roma siku moja, si ile orodha.

Na orodha yenyewe, hata pasingekuwa na viza duniani, ni mbaya. Kila mkihama mji nusu siku inakwisha: kufunga mizigo, kukabidhi chumba, kusubiri, kusafiri, kutafuta chumba kingine ambacho hakifunguliwi mpaka saa tisa alasiri. Yeye ana vituo sita. Hesabu mwenyewe kinachobaki. Ramani nayo inadanganya. Lisbon na Madrid zinaonekana jirani, lakini treni ya usiku iliyoziunganisha ilisimamishwa mwaka 2020, na sasa kwa reli ni kubadilisha treni njiani siku nzima. Barcelona na Roma ni ndege, na ndege ni viwanja, foleni na mizigo inayopimwa.

Basi tuje kwenye bahari, ambako nadhani hakuna aliyekwambia ukweli. Picha zile ni za kweli. Kisichoonekana kwenye picha ni baridi ya maji. Ureno haiko kwenye Mediterania, inatazama Atlantiki. Wakati wa kiangazi upepo wa kaskazini huvuma kando ya pwani ya magharibi na kuyasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu. Nafasi yake huchukuliwa na maji yanayopanda kutoka kilindini, na hayo ni baridi. Ndiyo maana fukwe za karibu na Lisbon, kama Cascais, jua linawaka la kuchoma mabega na bado ukiingiza miguu unaruka. Maji huwa nyuzi 17 hadi 20 hivi. Porto ni baridi zaidi. Kwa mtu aliyezoea maji ya uvuguvugu ya Bahari ya Hindi, huko si kuogelea, ni kujitahiri upya.

Algarve ni afadhali kwa sababu pwani yake inatazama kusini na imekingwa na upepo ule. Mwishoni mwa kiangazi maji hufika nyuzi 21 au 22, na kadiri unavyokwenda mashariki kuelekea mpaka wa Hispania ndivyo yanavyopata joto. Sasa hapa kuna uchaguzi, nawe ndiwe utakayeufanya. Majabali uliyoyaona pichani yako upande wa magharibi na katikati: Ponta da Piedade kule Lagos (mji wa Ureno, si ule wa Nigeria), na lile pango la Benagil lenye tundu juu. Upande wa mashariki, Tavira, hakuna majabali. Kuna wangwa wa Ria Formosa na visiwa virefu vya mchanga mnavyovukia kwa mashua. Watu ni wachache na maji ni ya vuguvugu zaidi. Mimi ningelala Tavira na kwenda kuyatazama majabali kwa siku moja. Kuna treni ndogo inayofuata pwani yote kutoka Lagos kupitia Faro hadi Tavira na kuendelea mpaka mpakani. Ni ya polepole, lakini mna haraka gani?

Mkifika kwenye majabali, msitandike taulo chini yake, hata kivuli kikiwaita. Agosti 2009 jabali lilianguka kwenye ufuo mmoja karibu na Albufeira na kuua watu watano. Mabango ya onyo yapo, na watalii wanayapita kila siku. Bendera nyekundu ikipandishwa, haingii mtu majini. Na Benagil utaiona ukiwa ndani ya chombo, kwa sababu kuogelea kwenda pangoni na kushuka mchangani kumekatazwa tangu 2024.

Mwezi nao ubadilishe. Agosti ni mwezi ambao Wareno wenyewe wako likizo, na nusu ya Ulaya imewafuata. Vyumba vya Algarve hupanda bei kuliko wakati wowote mwingine. Joto la bara si la mchezo. Amareleja, katika mkoa wa Alentejo, ilipita nyuzi 47 mwezi Agosti 2003, na Seville anayoitaka mumeo hukaa kwenye nyuzi 36 na kuvuka 40 bila kumshangaza mkazi. Mtu mwenye goti bovu usimpeleke huko mchana wa Agosti. Katikati ya Septemba shule zinafunguliwa, umati unapungua, na bahari bado imeshika joto lake la kiangazi. Mvua za kweli husubiri Oktoba na kuendelea. Hata kwa swala ni rahisi zaidi. Mwezi Juni jua la Lisbon linazama saa tatu usiku, na Isha mnaisubiri mkisinzia. Katikati ya Septemba Magharibi inaingia kama saa mbili kasoro robo.

Ningewapangia hivi. Usiku tatu Lisbon, na moja ya siku hizo mpande treni kwenda mji wa Sintra kuona kasri la Pena, mkiwa mmeshakata tiketi mtandaoni kwa sababu huingia kwa saa maalumu. Msiende mtaa wa Belém Jumatatu, maana monasteri ya Jerónimos hufungwa siku hiyo. Ndani yake kuna kaburi la Vasco da Gama, na sidhani kama kuna msomaji wa lugha hii atakayesimama mbele yake bila kuwa na la kusema. Lisbon ni milima mitupu na vijiwe vya njiani vimesuguliwa hadi vinateleza, kwa hiyo viatu vyenye nyayo za mpira, na kwa ajili ya goti pandeni tramu. Ile namba 28 ni maarufu kwa kupita mtaa mkongwe wa Alfama na kwa wachomozi pia. Pochi iwe mbele.

Kisha treni ya mwendo wa saa tatu hivi hadi Faro, na Algarve usiku tano. Hizo ni zako. Asikuguse mtu. Kisha mpe yeye Seville, usiku mmoja, kwa basi kutoka Faro, mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Viza ya Ureno inawaruhusu kuingia Hispania bila ombi jingine, mradi muiandike kwenye ratiba mnayopeleka. Atapata nchi ya pili aliyoitaka, na wote wawili mtapata jambo la kukumbuka. Mnara wa Giralda wa kanisa kuu la Seville ulijengwa karne ya 12 kuwa mnara wa msikiti, na mpaka leo mtu hupanda ndani yake kwa njia ya mteremko badala ya ngazi. Goti litashukuru. Angalieni saa tu. Hispania iko saa moja mbele ya Ureno, na basi la kurudi halimsubiri aliyesahau. Usiku wa mwisho mlale Lisbon, karibu na ndege. Porto ibaki kwa viza ya pili, pamoja na Barcelona na hiyo Roma.

Chakula. Nguruwe yupo mwingi, ni kweli, lakini hii ni nchi ya samaki. Sadini wa kuchoma kwa chumvi ya mawe wanapatikana kila kona mpaka mwisho wa kiangazi, na chewa mkavu wa chumvi, wanayemwita bacalhau, wanampika kwa namna nisizoweza kuzimaliza. Hatari iko kwenye vyakula vinavyoonekana salama. Supu ya kijani ya caldo verde hutiwa vipande vya soseji ya nguruwe. Kome na chaza mara nyingi hupikwa na mvinyo mweupe. Mwambieni mhudumu mapema, *sem porco, sem vinho*, yaani bila nguruwe, bila mvinyo, naye ataelewa. Lisbon ina msikiti mkuu tangu 1985, na mtaa wa Martim Moniz umejaa mikahawa ya Wabangladeshi na Wapakistani wanaouza nyama halali. Na mkikaa mezani mkaletewa mkate, zeituni na jibini ambavyo hamkuagiza, jueni si zawadi. Mkila mtalipia, mkivirudisha hamdaiwi wala hakuna anayenuna.

Utamwambiaje? Usimwendee na neno "hapana" la orodha yake. Kaeni siku moja usiku, watoto wakishalala, muandike ratiba hii tarehe kwa tarehe, na jina la mahali pa kulala mbele ya kila tarehe. Ratiba hiyo hiyo ndiyo itakayoingia kwenye maombi. Mwache ajaribu kuiandika na ile yake ya vituo sita, aone atakavyoeleza kwa ofisa kwamba anaomba Ureno huku usiku zake zimesambaa nchi tatu. Karatasi itabishana naye vizuri kuliko wewe. Akisisitiza Porto badala ya Seville, mkubalie. Treni kutoka Lisbon ni mwendo wa saa tatu, na mradi usiku zako tano hazijapungua, hujapoteza kitu. Binamu mwambieni asante, mmeshajipanga.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla yake. Jibu hutolewa ndani ya siku 15, ingawa wanaweza kujiongezea hadi 45. Kwa safari ya katikati ya Septemba, mlango unafunguka katikati ya Machi. Miadi ambayo binamu anasema imejaa, itafuteni wiki hiyo hiyo ya Machi, na kila mmoja wenu ajaze fomu yake.